Vitabu Vyenye Meno

Fundi Jalada alikuwa na hotuba moja, na mtaa mzima ulishaijua kama wimbo. Ukimpelekea kitabu kilichochanika, kabla hujapata pa kukaa ameshaanza: "Unajua walitufanya nini hawa? Unajua?" Hata usipouliza hao "hawa" ni akina nani, utaambiwa. Ni wale wa shuleni waliofungia vitabu kwenye kabati la vioo, ufunguo wakauvaa shingoni kama hirizi, na watoto wa wafagizi wakaambiwa kitabu kinatazamwa kwa macho. Yeye alikuwa mtoto wa mfagizi. Siku moja kabati liliachwa wazi, akashika kitabu cha picha, ukurasa ukachanika pembeni, kipande cha ukubwa wa ukucha. Alichapwa mbele ya darasa ambalo hata hakuwa mwanafunzi wake. Mama yake alisimama na ufagio mkononi, na bakora zilipokwisha akashukuru kwamba hawakumfukuza kazi.

Watu wengine wamejaliwa kusahau. Yeye alijaliwa gundi.

Kusoma hakufundishwa na mtu, aliiba. Ujanani aliajiriwa kwenye karakana ya kushona mafaili ya ofisi za wakubwa, na huko, mkono ukivuta uzi, jicho lilikuwa likichungulia maneno. Alisoma kesi za mashamba na barua za kuachishwa watu kazi kabla hajasoma hadithi hata moja. Alipotoka huko akafungua kibanda chake mwenyewe: meza ndefu, mkebe wa gundi, sindano za shazia za kila unene, bonge la nta, na chuma cha kukandamizia ambacho wanaume wawili walikibeba wakitukana. Kazi yake haikufumuka. "Kitabu kilichopita mkononi mwangu," alipenda kusema, "labda kife kwa moto."

Sasa, fundi huyu alikuwa na mpwa, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mpwa huyo alifanya kazi kwenye jumba la mikutano la mtaa, katika chumba cha pembeni kilichoitwa kona ya watoto. Mikeka sakafuni, rafu fupi za kimo cha watoto, dirisha linaloingiza vumbi na kelele za wauza ndoo. Watoto ambao hawajaanza shule, na wale waliokuwa ndio kwanza wameanza, walijazana humo kila alasiri. Walimwita Dada Hadithi.

Siku moja Dada Hadithi aliingia kibandani kwa mjomba wake na gunia kichwani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mavuno hayo?"

"Vitabu." Akaumwaga mzigo mezani. Fundi Jalada akavitazama kama mtu anayetazama majeruhi wa ajali. Magamba ya nje yamening'inia, pini zimeshika kutu, kurasa zina alama za vidole, za meno, nyingine za kitu kilichofanana na uji.

"Hawa ni watoto au panya?"

"Watoto, Mjomba. Wanavipenda mno. Hiki cha tembo wamekigombania mpaka kikawa viwili." Akacheka. "Kila mmoja akaenda zake na nusu ya tembo."

"Hawatakigombania tena."

"Vishikize kidogo tu. Pini mpya katikati, na gundi kwenye magamba, basi."

"Kidogo?" Mzee akainuka. "Mtoto wa tajiri anapewa kitu kizima, mtoto wa maskini anapewa cha kushikiza kidogo. Ndivyo walivyotufanya hawa. Niachie. Nitavishona mpaka wajukuu wa hao watoto wavikute."

Akavishona. Aliacha kazi za watu waliokuwa wakimpigia kelele, akavishona bila kudai chochote, kwa mshono aliouamini kuliko yote: mshono wa faili.

Mshono wa faili hautobolewi katikati, pale karatasi inapokunjika. Hutobolewa ubavuni, kurasa zote zikiwa zimelaliana, kuanzia juu hadi chini, na uzi wa nta unavutwa mpaka vidole vinaumuka. Sababu yake ni moja: mjanja asije akachomoa ukurasa wa ushahidi. Juu yake yakapanda magamba magumu kama mlango, na kitambaa kizito mgongoni. Kwa kuwa mikunjo ya kurasa ilikuwa imechakaa, aliusogeza mshono ndani, ukakaribia maneno. Kwa faili hiyo ni kazi safi kabisa. Faili kazi yake ni kutunzwa. Kufunguliwa ni bahati mbaya tu inayolipata.

Msimamizi wa jumba alipoviona vitabu vimepangwa rafuni, alifurahi kama aliyeletewa mkwe mwema. Watu walimwita Bwana Kufuli, kwa funguo zilizomlia kiunoni kila alipopita. Ni mmoja wa wale ambao wakiona kitabu kichafu wanataka kulia, wakiona mtoto asiyesoma wanapiga miayo. Wapo wengi, na mara nyingi ndio wanaopewa funguo.

"Hivi ndivyo vitabu!" alisema, akipitisha kidole kwenye migongo yake. "Visafi! Imara!"

Fundi Jalada alipoletewa sifa hizo alijidai hakusikia, ili azisikie mara ya pili.

Msimu ukapita, na mwingine nao. Kisha Dada Hadithi akaja kibandani mikono mitupu, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kusalimia vizuri.

"Wanafunga kona, Mjomba."

"Nani?"

"Kamati. Msimamizi amewapelekea maneno kwamba watoto hawaji. Chumba kitawekwa viti vya plastiki vya mikutano. Kesho alasiri wanakuja kukitazama, ndipo waamue. Na mimi napelekwa getini, kufungua na kufunga."

"Na ni kweli hawaji?"

Akaitazama sakafu. "Walikuwa wanajaa. Sasa siku nyingine wanakuja wachache, siku nyingine nakaa na nzi. Msimamizi anasema sijui kuvuta watoto. Anasema vitabu viko kama vipya, kwa hiyo ubaya si vitabu, ni mimi. Labda ni kweli. Labda kazi hii si yangu."

Hapo mzee akalipuka. Akawatukana wazazi wanaowapa watoto simu wanyamaze. Akawatukana watoto wa siku hizi, wavivu, hawajui uchungu wa kitabu. "Sisi tulikuwa tunakitamani kupitia kwenye kioo! Wao wanawekewa mpaka magotini, wanageuza shingo!" Akaapa kwamba kesho atakuwepo, na hiyo kamati itamsikia.

"Mjomba, usije ukagombana."

"Nigombane na nani? Nitaongea tu."

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema mpwa wake, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Kesho yake mzee alivaa koti lake la kazi, ndilo pekee lililokuwa na heshima, akamshika mkono mjukuu wake wa miaka mitano, wakaenda. Mtoto huyu walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

"Babu, huko kuna nini?"

"Kuna vitabu nilivyovishona mimi."

"Vina picha?"

"Vina picha, mke wangu."

"Mimi si mke wako. Wewe huna meno."

Chumbani walikuta watoto wachache ambao Dada Hadithi alikuwa amewaombaomba kwa mama zao asubuhi ile. Walikuwa wamekaa mkekani wakirushiana vizibo vya soda. Rafu zilikuwa nyuma yao, na vitabu vimesimama wima, migongo imenyooka, hata vumbi halikuthubutu kuvikalia. Mzee akavitazama, kifua kikamjaa. Havikuwa na doa, wala pembe iliyopinda.

"Chagua," akamwambia Chiriku.

Mtoto alichagua kikubwa kuliko vyote, kile cha tembo. Akakaa chini, akafungua gamba. Gamba likafunguka kidogo, likarudi, pa! Akacheka. Akafungua tena kwa mikono miwili. Mikono yote ikiwa imeshika, hakuna wa kufunulia ukurasa. Akaachia mmoja, kitabu kikajifunga na kidole kikiwa ndani.

"Ai!"

"Kishike vizuri."

Akakibana kwa goti, upande mmoja ukainuka. Akakilalia kwa kiwiko, upande wa pili ukapaa. Alipofaulu kukitanua, kwa kidevu na mikono yote miwili, uso wake ulikuwa karibu mno na karatasi hata asione kitu. Na katikati, pale karatasi mbili zilipokutana, palikuwa na bonde jeusi. Tembo alikuwa ametumbukia humo. Upande huu palikuwa na masikio, upande ule kipande cha matako.

Chiriku akainua kidevu. Akakifunga, akakirudisha rafuni taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akaja kusimama nyuma ya mguu wa babu yake.

"Kitabu hiki hakitaki, Babu."

"Hakitaki nini?"

"Hakinitaki."

Msichana mmoja mwenye pengo aliinua kichwa kutoka kwenye vizibo vyake. "Vyote vinang'ata hivyo," akasema, kama mwenyeji anayemwelekeza mgeni. "Vya zamani vilikuwa havina meno. Dada Hadithi ndiye anaweza kuvishika. Anashika, sisi tunatazama. Mkono ukimuuma, hadithi inaishia hapo."

Mzee akageuka. Mpwa wake alikuwa amesimama karibu na dirisha, kifundo cha mkono wa kulia kimezungushiwa kitambaa. Alikiona jana kibandani. Alikiona na juzi. Hakuuliza.

"Mkono umefanyaje?"

"Umeteguka kidogo, Mjomba. Si kitu."

Akachukua kitabu cha tembo mwenyewe. Mikono yake ilikuwa ya fundi, mipana, yenye sugu, na bado alihisi kitabu kikisukumana naye. Akakifungua, akakiachia. Pa! Akachukua kingine. Akachukua cha kando yake. Kila kimoja kilimpa jibu lile lile. Visafi, imara. Vingekuwaje vichafu? Nani alikuwa amevigusa?

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilimtoka ndogo.

"Nilikuja, Mjomba."

Na hapo akakumbuka. Yeye wa kukumbuka bakora za utotoni moja moja, hili alikuwa amelitupa. Wiki ile ile aliyovirudisha vitabu, mpwa wake alikuja, akasimama mlangoni, akasema, vimekaza kidogo, Mjomba, huwezi kuvilegeza? Naye, mbele ya wateja, alimjibu: "Ulitaka vilegee kama suruali ya mlevi? Nenda ukawafundishe adabu ya kushika kitabu." Wateja wakaangua kicheko. Binti naye akacheka, akaaga kwa heshima, akaondoka.

"Na Msimamizi alipokuambia hujui kazi," akauliza, "kwa nini hukumwambia ubaya ni vitabu?"

"Angeuliza nani amevishona."

Hakuisema kwa uchungu. Ingekuwa kwa uchungu angepata pa kushika. Aliisema kama mtu anayekutajia njia ya kwenda sokoni. Amekula lawama za watu misimu miwili, ameshika vitabu mpaka mkono ukateguka, na kesho atakwenda kusimama getini, ili jina la mjomba aliyemlea lisiguswe na vumbi.

Mzee akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kisu chake cha kazi.

"Mjomba, hapana." Binti akamshika kiwiko. "Wako njiani. Huo usafi wa vitabu ndiyo sifa pekee iliyonibakia. Wakivikuta vimechanwa nitasema nini?"

Alikuwa na haki, na mzee alijua. Akasita. Na tusimfanye malaika: katika kusita kule hakuwaza kazi ya mpwa wake peke yake. Aliwaza pia mtaa utakavyosema, Fundi Jalada amefumua kazi yake mwenyewe mchana kweupe. Aliliwaza jina. Ndipo akamtazama Chiriku, ambaye alikuwa ameshajiunga na mchezo wa vizibo na hakutazama tena rafu. Ilikuwa imemchukua muda mfupi kiasi hicho. Mtoto aliyetoka nyumbani akiuliza habari za picha.

Akakata.

Mshono ulimpiga vita. Uzi wa nta ulikataa, ukang'ang'ania, kisu kikateleza kikamgonga kidole gumba. Akang'oa kitambaa cha mgongo, akavunja magamba, akachomoa uzi kipande kwa kipande, jasho likimtiririka shingoni, na karatasi zikaanza kuanguka mkekani mbili mbili, zikiwa bado zimekunjika kama zilivyozaliwa. Akazikunjua, akazilaza. Zikatulia chini kama majani, bila kushikwa na mtu.

Msichana mwenye pengo akatambaa, akatazama.

"Kumbe ana tumbo!"

"Nani?"

"Tembo! Ana tumbo! Njooni mwone!"

Vizibo vikaachwa. Chiriku akaja wa kwanza, akalala kwa tumbo, pua ikigusa tembo, akaanza kuwaeleza wenzake mambo ambayo hayakuandikwa popote. Mzee akakata kingine, na kingine. Watoto wa nje, waliosikia kelele, wakachungulia dirishani, wakaingia. Dada Hadithi alisimama mkono mdomoni. Kisha akapiga magoti akaanza kutenganisha kurasa za chura na za tembo, maana zilikuwa zinaoana bila mpangilio.

Kamati ilipoingia, na Bwana Kufuli mbele funguo zikimlia kiunoni, ilikuta sakafu nzima imefunikwa karatasi, na juu ya karatasi watoto, na katikati yao mzee mwenye kisu.

"Huu ni nini?" Msimamizi alipaza sauti hadi ikapasuka. "Mali ya umma! Vitabu vilivyokuwa vipya! Vipya kabisa!"

"Ni mimi, Msimamizi," alisema Dada Hadithi, akiinuka haraka. "Nilimwomba mimi."

"Mwongo huyu!" Mzee naye akainuka, magoti yakilia. "Mwongo, msimsikilize. Vitabu nilivifunga mimi. Watoto niliwafukuza mimi. Yeye alikuwa anavishika wazi kwa mikono yake, na ninyi mkasema hajui kazi, na mimi nikakaa kibandani napokea sifa." Alipofika hapo angenyamaza. Lakini umri wote ulikuwa umemzoeza njia moja tu ya kusimama mbele ya wakubwa, na ulimi ukajipeleka wenyewe. "Na mnajua kwa nini? Mnajua walitufanya nini hawa? Kulikuwa na kabati la vioo…"

"Mjomba, nyamaza!"

Chumba kizima kiligeuka. Dada Hadithi mwenyewe alionekana kushtuka, lakini hakurudi nyuma. Shingo ilikuwa imemsimama.

"Nyamaza, tafadhali. Siku zote unaongea wewe. Watoto wanasoma."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo, na wa kwanza alikuwa huyu. Maneno yalimwingia kama maji ya baridi kwenye kidonda: yakauma, yakatuliza. Akakaa chini mkekani. Kabati la vioo lilikuwa bado liko mbele ya macho yake, lakini safari hii ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni mwa mtu alikuwa akiuona vizuri, na shingo akaijua.

Mwanamke mmoja wa kamati, muuguzi, aliruka karatasi moja, akaruka ya pili, akakosa pa kukanyaga.

"Msimamizi," akasema, "ulituandikia kwamba watoto hawaji."

"Hawaji! Leo tu…"

"Viti vitafute pengine pa kulala." Akamgeukia Dada Hadithi. "Nani atavirudisha hivi viwe vitabu tena?"

Dada Hadithi akamtazama mjomba wake. Hakumsemea. Alimwacha ajibu.

"Mimi," alisema mzee. "Kwa mkunjo, katikati. Vitachanika."

"Vikichanika?"

"Nitashona tena."

Kwa hiyo akashona. Alishona kwa uzi laini, katikati, magamba mepesi yanayolala popote yanapolazwa, na mikono ililalamika kazi yote, maana ilikuwa ikifanya kinyume cha ilivyojifunza. Vitabu vilirudi rafuni vikiwa vimelegea, na havikukaa juma zima bila kuchanika. Dada Hadithi alivileta kwa gunia, akavimwaga mezani, akasema kinachotakiwa bila kupindapinda: hiki legeza zaidi, hiki umekata sana. Mzee alimwambia sawa, mwanangu. Kona ikaanza kujaa.

Lakini haikujaa wale wale. Hilo ndilo lililomnyima raha. Waliojaa walikuwa wadogo, wapya, ambao hawakuwahi kubanwa kidole. Wale wa msimu uliopita walikuwa wamekua wakaenda zao na walichojifunza. Alikuwa akiwaona mtaani, wakipita mlango wa jumba bila kugeuza macho, kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa.

Akaanza kuwafuata majumbani. Siku moja, jua likiwa bado la mchana, alisimama kwenye kizingiti cha fundi cherehani mmoja, na kitabu mkononi, akauliza habari za binti yake.

"Huyu?" Mama alicheka, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Usijisumbue, mzee wangu. Huyu na vitabu ni paka na maji. Shuleni wanalalamika kila siku. Kazaliwa hivyo."

Mtoto alikuwa pale pale, nyuma ya rundo la vitambaa. Alipoona kile kitabu, alirudisha mikono yote miwili mgongoni.

"Hakuzaliwa hivyo, mama," alisema Fundi Jalada.

Alitaka kuendelea, akajizuia. Akainama, akakifungua kitabu katikati, akakilaza kwenye kizingiti, akaketi pembeni yake kwenye ngazi. Cherehani ikaendelea kulia. Baada ya kitambo mtoto alitoka nyuma ya vitambaa, akasogea, akakitazama kitabu kwa mbali. Akanyoosha mguu, akakifunga kwa kidole gumba cha mguu, akakimbia uani.

Mzee akakifungua tena.